Fundi wa Verandani

Mtu huyu nilimjua kwanza kwa mgongo. Wiki nzima alisimama kwenye veranda ya duka langu akiangalia barabara, na wiki nzima mimi nikawa naangalia kisogo chake kutoka kwenye kaunta. Nauza vifaa vya ujenzi hapa Mogogosiek: saruji, mabati, misumari, rangi, mabomba. Veranda ya duka la hardware ndipo mafundi wanapongojea kazi, na kila fundi ana kelele yake. Mteja hajashuka kwenye pikipiki, wameshamzunguka. Mama, ni paa? Mzee, ni choo? Yeye alisimama pembeni, wima, mfuko wa vyombo katikati ya miguu, ovaroli ya buluu imepigwa pasi. Kifuani palikuwa na mraba uliokoza rangi kuliko kitambaa kingine, pale jina la kampuni lilipofumuliwa kwa wembe.

Siku moja nikachoka kumtazama.

"Mzee, unangoja nani?"

"Nangoja kazi."

"Hapa kazi haikuji yenyewe. Unaitisha."

Akanigeukia, uso umejaa haya kama mgeni aliyebisha nyumba isiyo yake. "Mama, mimi sijawai itisha kazi. Kule ilikuwa inaletwa."

Kule ni kwenye mashamba makubwa ya chai, ambako alikuwa fundi wa kutunza nyumba za wafanyakazi tangu ujana wake. Mlango ukianguka, msimamizi anamwambia nenda nyumba fulani, naye anaenda. Halafu zikaja mashine za kuchuma chai, wachumaji wakapungua, nyumba zikabaki tupu safu kwa safu. Nyumba tupu haihitaji fundi. Waliambiwa asante, na waache ufunguo. Ufunguo wenyewe ulikuwa wa nyumba aliyoishi na mkewe na kulelea binti zake wawili, kwa sababu kule nyumba inaenda na kazi. Kwa hiyo alipokuja kusimama kwangu alikuwa ana zaidi ya miaka hamsini, amepanga chumba kimoja cha mbao nyuma ya kinyozi, na hajui namna ya kumwambia mtu kwamba yeye ni fundi.

Kazi ya kwanza nilimtafutia mimi. Kulikuwa na bibi jirani yangu ambaye kila mtu anamwita Kogo, yaani nyanya, mlango wake ulikuwa umelegea na kuta zake zilihitaji rangi. Nikamwambia Fundi aende. Akaja akachukua rangi nyeupe, rangi nyeusi na rangi ya kijani, nami nikadhani ndivyo Kogo alivyotaka. Kogo alikuwa ameenda kumwona binti yake huko Kipkelion. Aliporudi alikuta ukuta wa nyumba yake ni mweusi kuanzia chini hadi kiunoni, mweupe juu, na mlango wa kijani kibichi kama nyumba zote za wachumaji kule kwenye mashamba.

Alikuja dukani ameshika kiuno. "Mama Hardware, niambie. Nimeandikwa kazi na kampuni nikiwa safari?"

Tulicheka mpaka mafundi wa verandani wakakaa chini. Fundi hakucheka. Alisimama pale na brashi mkononi akasema kwa sauti ndogo, "Kogo, si nyumba hupakwa hivyo?" Hakuwa na mzaha. Maisha yake yote hakuwahi kumwona mtu akichagua rangi. Alirudia ile nyumba yote, na tangu siku hiyo alikuwa akimuuliza kila mteja rangi anayoipenda, hata yule ambaye bomba lake tu lilikuwa linavuja.

Mambo mengine ya kampuni hayakumtoka. King'ora cha kiwanda cha chai kikilia saa ya mchana, Fundi anaweka nyundo chini hata kama msumari umeingia nusu. Anakula, anafuta mdomo, anangoja king'ora kingine. Wateja wengine waliudhika. Mimi nilimtania kwamba siku kiwanda kikikosa stima atakufa njaa juu ya paa la mtu.

Lakini tabia iliyomfanya ajulikane mpaka Kabianga ni hii ya kukagua. Kule kwenye mashamba, kazi haijaisha mpaka msimamizi aje aiangalie na aseme iko sawa. Sasa msimamizi hayupo, na Fundi hakuweza kuondoka tu kama mwizi. Basi cheo kile akawapa wateja. Akimaliza mlango, anafuta vumbi, anasimama kando, mikono nyuma, na kusema, "Kagua, mama." Ni lazima uinuke. Ni lazima ufungue, ufunge, ufungue tena, kisha useme kwa mdomo wako, "Iko sawa, Fundi." Hapo ndipo anainama na kukusanya vyombo vyake ndani ya mfuko, kimoja kimoja, na kwenda. Kuna mchungaji mmoja aliyekuwa kwenye simu akampungia mkono tu kwamba nenda, nimeona. Fundi alisimama pale mlangoni mpaka simu ikaisha, na mchungaji akainuka akakagua kama watu wengine.

Mwanzoni watu waliona ni kichekesho. Baadaye wakaanza kukitaka. Wanawake walikuwa wanakuja dukani kuniambia, "Nipe yule wa kagua." Nadhani wengi wao hawakuwa wameulizwa neno kuhusu nyumba zao tangu waolewe.

Mimi na yeye tuligombana sana. Alikuwa na mazoea mabaya ya kuchukua bidhaa yangu mbele ya mteja, kuigeuza kwenye mwanga, na kuirudisha. "Hii bawaba ni ya biskuti," anasema. Mimi nimeilipia bawaba hiyo! Nilimfukuza verandani zaidi ya mara moja, na kesho yake namkuta amesimama palepale, wima, ananiamkia kana kwamba hakuna kilichotokea. Alikuwa mgumu wa maneno lakini akipiga randa anaimba nyimbo za kanisani kwa Kikisii, sauti nzuri ambayo hakutaka mtu amsifie. Alipanda juu ya paa lolote bila woga, halafu akiona mbwa anakataa kuingia uani mpaka mwenye boma amfunge. Kuna boma moja alirudi bila kufanya kazi kwa sababu ya bata.

Sasa niseme kwa nini alihangaika hivyo katika umri ule, badala ya kwenda kwa binti yake mmoja akapumzike. Aliniambia mwenyewe miezi ya mwanzo, siku ya mvua, veranda ikiwa tupu.

"Mama watoto anataka jikoni iko na dirisha."

"Dirisha tu?"

"Dirisha tu. Zile nyumba za kampuni, jikoni ni giza. Amepika giza miaka yote. Nilimwambia tukitoka hapa nitamjengea."

Alikuwa na kipande cha ardhi cha marehemu babake ng'ambo ya Sotik, kwenye milima ya Kisii, kando ya ndugu yake. Hakukuwa na nyumba yake pale, wala kibanda. Lengo lake lilikuwa moja: afanye kazi hapa, akusanye vitu vizuri polepole, akajenge nyumba moja yenye jikoni yenye dirisha, ampeleke mkewe.

Na unajua alianza na nini? Dirisha lenyewe. Kabla ya tofali, kabla ya msumari, alinunua fremu ya chuma yenye vioo na mbawa mbili za kufungua, akaomba nimwekee stoo. Mafundi wenzake walimcheka. "Fundi, dirisha bila ukuta?"

"Ukuta utalikuta hapo," akajibu.

Mkewe alikuwa mama mfupi, mwenye kicheko kikubwa kuliko yeye. Mimi ni mrefu, shuleni waliniita mlingoti, na yule mama alipokuja kunisalimia kichwa chake kilifika kifuani mwangu. Alikuwa akikohoa. Alisema ni moshi tu, umemzoea. Siku za soko alikuwa akipita dukani akishanunua mboga, anasimama mlangoni mwa stoo kama mtu anayekuja kumwona mgonjwa.

"Mama Hardware, naomba nione dirisha yangu."

Namfungulia. Dirisha lilikuwa limesimama sakafuni, limeegemea mifuko ya saruji. Analivuta mbele kidogo, anageuza ndoo, anaikalia upande wa nyuma, anafungua mbawa zote mbili. Kutoka pale alikuwa anaiona kaunta yangu na mlango wa duka na kipande cha barabara.

"Nakuona," ananiambia. "Na uko na mgeni anakuja. Wa koti nyekundu. Weka chai."

Na kweli mteja wa koti jekundu anaingia. Tulicheka kama wasichana. Alikuwa hataki kitu kingine duniani ila kuwaona watu wakija kabla hawajafika mlangoni, ili wakute amebandika maji. Kule kwenye nyumba za kampuni, alisema, wageni walikuwa wanamkuta gizani akiwa na machozi ya moshi, wanadhani amegombana na mumewe.

Miaka ikaenda. Stoo yangu ikawa na kona ya Fundi: mbao alizozichagua moja moja, bawaba ambazo si za biskuti, kitasa kizito cha shaba. Lakini nyumba haikuanza. Kila mara kulikuwa na kitu hakijawa kizuri vya kutosha. Mbao hazijakauka. Mabati ya mwaka huu ni mepesi. Mawe ya msingi angoje yale ya upande wa pili. Nilimwambia, na si mara moja, "Fundi, jenga hata ya mbao kwanza. Mwenzako anakohoa."

Alinitazama kama nimemtukana. "Mama, mimi nimelala kwa nyumba ya haraka maisha yangu yote. Hizo zote zilikuwa za kampuni. Hii ni ya mtu. Nyumba ya mtu unajenga mara moja."

Hilo neno alilisema sana, hata kwa wateja. Nyumba ya mtu unajenga mara moja. Mpaka leo nabishana nalo nikiwa peke yangu nikipanga misumari. Nataka kumwambia kwamba mara moja ni sawa, lakini mara moja lini? Nilimpenda kama ndugu, na nina hasira naye ambayo haijaniisha, kwa sababu angeweza. Alikuwa na kila kitu pale stoo. Alikuwa na mikono.

Mkewe alilazwa msimu wa mvua ndefu. Kifua. Alienda akitembea mwenyewe, akapita dukani njiani kuniambia nisiruhusu panya wakae kwenye dirisha lake. Hakurudi.

Kwa Wakisii mama aliyeolewa huzikwa kwa mumewe, kando ya nyumba yake. Kama hakuna nyumba, ni lazima isimamishwe kwanza, hata ya haraka haraka, ndipo mwili uletwe nyumbani. Haiwezekani mama aletwe kwenye kiwanja kitupu kana kwamba hakuwa na mtu. Fundi alikuja dukani asubuhi na ndugu yake, ovaroli ileile, akaniambia anachotaka kwa sauti ya mtu anayeagiza kazi ya mwingine: mabati, miti, misumari. Alikuwa anachukua yale mabati mepesi aliyoyakataa kwa miaka. Hakuyageuza kwenye mwanga.

Tulipakia kwenye pikapu yangu. Vijana wakabeba na mbao zake kutoka stoo, na bawaba, na kitasa. Walipofika kwenye dirisha na kulishika, alisema, "Hiyo acha."

"Fundi," nikamwambia, "si ni lake?"

"Ndio maana. Hiyo si ya haraka. Iache hapo."

Nilienda nao. Sikuweza kukaa dukani. Ndugu zake walitaka akae na wazee, wakamwambia si desturi mfiwa kushika nyundo wakati watu wapo. Alikaa kidogo, akainuka, akachukua nyundo yake. Hakuna king'ora kule ng'ambo. Hakuna kilichomfanya aweke nyundo chini, hakula, hakuimba. Miti ilikuwa mibichi, mingine imepinda, na yeye aliyekuwa akikataa ubao kwa sababu ya fundo moja aliipigilia tu kama ilivyokuja, msumari juu ya msumari, na bati likatoboka mahali pasipofaa na hakuliangalia mara ya pili. Kabla jua halijazama kulikuwa na nyumba. Chumba kimoja, mlango mmoja, hakuna jikoni, hakuna dirisha. Watu walimshika mkono wakamwambia amejitahidi. Nilikuwa nikingoja lile neno lake la kukagua. Hakumwambia mtu yeyote akague.

Mwili ulipoletwa na kuingizwa mle ndani, wanawake wa kanisani walilazimika kuwasha taa mchana ili waone uso wake. Nililia siku hiyo kuliko nilivyolia kwa mama yangu mzazi, na sioni haya kusema.

Fundi hakurudi Mogogosiek. Wateja waliendelea kuuliza, "Yule wa kagua yuko wapi?" nami nawapa fundi mwingine, ambaye anamaliza na kuondoka. Mahali pake verandani hapakukaliwa na mtu kwa muda mrefu. Dirisha lilibaki stoo. Nilikuwa nalifuta vumbi kila siku ya soko, na nilikuwa nafukuza panya.

Mwaka huu, chai ikiwa imerudi vizuri baada ya ukame, simu ikalia. Sikuitambua namba.

"Mama Hardware. Leta ile kitu."

Hakusalimia, na yeye ni mtu wa kusalimia. Nikafunga duka siku ya biashara, nikalifunga dirisha kwa blanketi, nikamwambia dereva aendeshe kama amebeba mayai. Tukapita Sotik, tukapanda milima.

Nilimkuta amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, lakini ovaroli imepigwa pasi. Ile nyumba ya haraka ilikuwa ingali imesimama, imeinama upande mmoja. Hakuigusa. Kando yake alikuwa amejenga jikoni. Matofali yamenyooka kama yamekatwa kwa kisu, mbao za paa zimekauka vizuri. Alikuwa ameijenga peke yake, polepole, namna alivyokuwa akitaka. Na kwenye ukuta unaotazama barabara alikuwa ameacha nafasi ya dirisha.

Hakupima chochote. Alilinyanyua na dereva, likaingia kwenye nafasi yake bila kusukumwa. Akalishika kwa vigingi, akaziba kwa saruji, akasafisha vioo kwa mkono wa ovaroli. Mimi nilisimama ndani, mbele ya dirisha, nikitaka kuona barabara, nikaona ukuta. Dirisha lote lilikuwa chini ya kidevu changu.

Nikafikiri, uzee umemfikia. Fundi ambaye sikuwahi kumwona akikosea kipimo.

"Fundi," nikasema polepole, "hii umeiweka chini sana."

Aliweka kiganja chake kifuani mwake, kikiwa kimelala, kama mtu anayemwonyesha muuzaji nguo urefu wa mtoto.

"Alikuwa anafika hapa," akasema.

Kisha akasogea kando, akaweka mikono nyuma.

"Kagua, mama."

Niliinama. Niliinama mpaka macho yangu yakafika pale macho ya mkewe yangefika, na barabara yote ikafunguka mbele yangu, kutoka kona ya juu hadi kwenye lango. Mama mmoja alikuwa anateremka na beseni kichwani, angali mbali sana, ungeweza kubandika maji na yakachemka kabla hajafika. Na hapa karibu, mkono wa kushoto, lilikuwa kaburi, udongo umeshuka katikati, majani yameanza kuota pembeni. Nikafungua mbawa zote mbili. Nikafunga. Nikafungua tena. Machozi yalikuwa yananishuka na sikuwa na moshi wa kusingizia.

"Iko sawa, Fundi," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Akainama, akaanza kukusanya vyombo vyake ndani ya mfuko, kimoja kimoja, nyundo, patasi, pima maji, akafunga kamba, akautia mfuko begani na kwenda hadi mlangoni. Hapo akasimama. Alikumbuka kwamba yuko kwake.